MMELIA SI MWAROBAINI

Wazazi wanapongoja tumbaku yao ipimwe kwenye maghala ya vyama vya msingi vya Mpanda, watoto hucheza chini ya miti. Kwa hiyo kila kamati haina budi kuijua miti ya kiwanja chake.

Mmelia hupendwa kwa sababu hukua upesi na maua yake hunukia. Ni jamaa ya mwarobaini, na wengi huichanganya miti hiyo. Ua la mwarobaini ni jeupe. La mmelia ni la zambarau. Tunda la mmelia ni la mviringo, la manjano, na hubaki mtini hata majani yakipukutika. Tunda hilo ni sumu kwa binadamu na kwa nguruwe: huleta matapishi, kuhara na degedege, na laweza kuua. Majani yake nayo yasichemshwe kwa kudhaniwa kuwa mwarobaini.

Katika mimea itambaayo, wa kuogopwa ni mtipitipi. Mbegu yake nyekundu yenye doa jeusi ikitafunwa yaweza kuua. Apendaye mmea wa kutambaa uani na apande pasheni, ambayo tunda lake bivu huliwa.

Aliyekula sumu apelekwe zahanati mara moja, pamoja na tawi la mmea wenyewe.