Pingili za shingo: tofauti ya maumbile na kasoro

Pingili, neno litumikalo pia kwa kipande cha muwa kilicho baina ya vifundo viwili, ni jina la kila mfupa wa uti wa mgongo. Shingo ya binadamu ina pingili 7, sawa na ya twiga. Hata hivyo, maumbo hutofautiana: watu wachache huzaliwa na ubavu wa ziada ulioshikamana na pingili ya 7, na wengi wao hawaumwi. Kwa hiyo mfasiri wa ripoti ya eksirei aandike "tofauti ya maumbile". "Kasoro" humtia mgonjwa hofu bure. Ubavu huo ukibana neva au mshipa wa damu, mkono ukafa ganzi, ndipo neno "maradhi" hustahili.