Je, Wajua? Mambo ya Halmashauri Yaliyojificha Mbele ya Macho Yetu

Kwa wengi wetu halmashauri ni ushuru wa soko, bili ya taka na foleni ya leseni. Mimi kila nikichimba habari zake nakutana na jambo la kunishika mdomo. Haya ni machache niliyoshindwa kukaa nayo peke yangu.

Mji ukizidi ukubwa, sarufi huupandisha cheo

Mtu akizidi kimo ni jitu. Mji nao ukizidi ukubwa ni jiji: kanuni ni ile ile tuliyofundishwa darasani, ya umbo la ukubwa. Kiswahili kilimaliza suala hilo kwa silabi moja, lakini sheria hutaka na hesabu. Nchini Kenya, tangu sheria irekebishwe mwaka 2019, mji hauwezi kuwa jiji bila kuwa na angalau wakazi 250,000. Chukua Uwanja wa Benjamin Mkapa wa Dar es Salaam, wenye viti 60,000, uujaze mara nne, na bado watu elfu kumi watabaki getini. Nakuru ikatawazwa jiji Desemba 2021, Eldoret ikafuata Agosti 2024. Kwa upande wa Tanzania, Tanga, jiji tangu 2005, ilikuwa bado haijafikisha watu 400,000 katika Sensa ya 2022. Ni jiji dogo, lakini lina meya, joho na mkufu kama majiji mengine.

Diwani ni kiongozi wa kata, kitabu cha mashairi, na binamu wa forodha ya Ufaransa

Hili ndilo ninalolipenda kuliko yote. Neno "diwani" lilianzia Uajemi, likaingia katika Kiarabu likiwa na maana ya daftari: orodha ya watu na malipo yao. Khalifa Umar bin Khattab alikuwa na diwani yake, daftari la askari na mafungu yao. Daftari likazaa ofisi inayolitunza, ofisi ikazaa baraza linalokaa humo. Mkusanyo wa mashairi ya mtu mmoja nao ukaitwa diwani. Huko Ulaya neno hilo hilo ndilo lililowapa Wafaransa *douane* na Waitalia *dogana*, yaani forodha, na hata kiti kirefu cha kujinyoosha sebuleni Wazungu wakakiita *divan*, kwa sababu wakubwa wa baraza walikaa kwenye viti vya namna hiyo.

Kwetu neno lilifika zamani. Katika pwani ya Mrima, kabla Mjerumani hajapandisha bendera, wakubwa wa miji waliitwa madiwani. Kwa hiyo diwani wa kata ya Tanga au Pangani leo anabeba cheo kilichotangulia ukoloni hapo hapo alipo.

Sasa shika kiti. Mwaka 1954 mzaliwa wa Ujiji, Sheikh Kaluta Amri Abedi, alitoa kitabu cha kanuni za ushairi wa Kiswahili pamoja na mashairi yake: *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri*. Miaka michache baadaye, kabla ya Uhuru, mshairi huyo huyo akawa Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam. Mwenye Diwani akaongoza madiwani! Ukienda kutazama mpira Arusha katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, ni jina lake hilo.

Tanzania iliwahi kuzifuta halmashauri, na kipindupindu kikachangia kuzirudisha

Mwaka 1972 serikali ilianzisha mpango ulioitwa Madaraka Mikoani. Halmashauri za wilaya zikavunjwa, na za miji zikafuata muda si mrefu. Maofisa wa serikali kuu walipelekwa mikoani na wilayani kufanya kazi zilizokuwa za wawakilishi wa wananchi. Kwenye karatasi ilionekana kama kusogeza madaraka karibu na watu.

Kumbe kazi za mji ni zile usizoziona mpaka zisimame. Takataka zisizozolewa huonekana. Mfereji usiozibuliwa hunuka. Huduma za miji zilidorora, na katika nusu ya pili ya miaka hiyo ya 1970 kipindupindu kikapiga. Mwaka 1978 ikapitishwa sheria ya kuzirudisha halmashauri za miji, kisha mwaka 1982 zikaja sheria mbili kubwa, moja ya mamlaka za wilaya na moja ya mamlaka za miji, na mfumo mzima ukaanza kazi tena mwaka 1984. Leo Katiba yenyewe inazitaja serikali za mitaa, katika ibara za 145 na 146.

Mwalimu Nyerere, katika mahojiano ya mwaka 1984, alisema kwamba kama angeanza upya, kuzifuta serikali za mitaa ni mojawapo ya mambo ambayo asingeyarudia. Jingine ni kuvivunja vyama vya ushirika. Ni viongozi wangapi wa nchi unaowajua waliokiri makosa yao kwa kuyataja namna hiyo, tena wakiwa bado madarakani?

Meya hachaguliwi na wewe

Siku ya uchaguzi mkuu Tanzania Bara unapewa karatasi tatu: ya rais, ya mbunge na ya diwani. Ya meya haipo. Madiwani wenyewe ndio humchagua mmoja wao, naye naibu wake hushika nafasi kwa mwaka mmoja tu, kisha kura zinapigwa upya. Mkurugenzi ndiye mtendaji mkuu, mwenye funguo za ofisi na sahihi ya hundi, na yeye huteuliwa na Rais. Ndani ya baraza mkurugenzi ni katibu, hana kura. Mbunge wa jimbo naye huingia barazani kama mjumbe, akakaa chini ya uenyekiti wa meya.

Na zipo heshima zake. Madiwani huitwa Waheshimiwa, kama wabunge. Meya ana neno lake mwenyewe: Mstahiki.

Shahada si sharti

Kugombea udiwani kunahitaji umri wa miaka 21, ukaazi katika eneo la halmashauri, kudhaminiwa na chama, na kujua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Ndiyo maana katika ukumbi mmoja utamkuta mfanyabiashara wa samaki akimhoji mhandisi kuhusu unene wa lami, na mhandisi analazimika kujibu kwa lugha inayoeleweka. Zaidi ya hapo, viti maalumu vya wanawake haviwezi kupungua theluthi moja ya madiwani waliochaguliwa kwenye kata.

Mlango wa baraza uko wazi

Ndiyo, unaweza kuingia. Baraza kamili hukutana angalau mara moja kila robo mwaka, na mikutano yake ni ya hadhara. Mwananchi hukaa, husikiliza, hanyoshi mkono.

Mimi huwaambia rafiki zangu waende angalau mara moja, wakae nyuma karibu na feni. Mezani mbele ya kila diwani utaona kabrasha: furushi la karatasi lililobanwa kwa springi ya plastiki, zito kama tofali, kurasa za jedwali juu ya jedwali. Wengine wamelifunga kwa mpira, wengine wamekunja pembe za kurasa wanazotaka kuzichachamalia. Baada ya dua na kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita, hufika kipengele ninachokingoja kuliko vyote: yatokanayo.

Neno moja tu, yatokanayo, lakini ndani yake ndimo yanamofufuliwa yote yaliyoahidiwa. Kalvati lililosemwa litajengwa kabla ya mvua. Choo cha soko. Taa ya njia panda. Diwani mmoja husimama, akafunua ukurasa wake uliokunjwa, akasoma taratibu ahadi ya miezi mitatu iliyopita, neno kwa neno, na ukumbi mzima ukageuza shingo kumtazama mkuu wa idara. Sijaona silaha nyingine ya mnyonge yenye bei nafuu kama muhtasari ulioandikwa vizuri.

Katika kila elfu kumi, elfu moja ina wenyewe

Tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri za Tanzania Bara kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba. Mgawo wake ni nne, nne, mbili: katika kila shilingi 10,000, 400 za vikundi vya wanawake, 400 za vijana, 200 za watu wenye ulemavu. Mikopo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, ikarejea mwaka uliofuata. Ushuru aliokatwa muuza nyanya asubuhi unaweza kabisa kurudi kwa jirani yake ukiwa cherehani.

Unanunua umeme, unalipa kodi ya jengo

Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo Tanzania Bara hukatwa unaponunua umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Kodi iliyokuwa ikitafutwa mlango kwa mlango kwa daftari na kalamu sasa inaingia kabla taa haijawaka.

Hati safi haisemi kila kitu

Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali anaweza kuipa halmashauri mojawapo ya maoni manne: hati inayoridhisha, ambayo mitaani twaiita hati safi, hati yenye shaka, hati isiyoridhisha, au kusema kwamba ameshindwa kabisa kutoa maoni. Watu husikia "hati safi" wakadhani kila shilingi imetumika kwa busara. La. Maana yake ni kwamba vitabu vya hesabu vimeandikwa kwa kufuata kanuni na vinaonyesha hali halisi. Mama anayeandika matumizi ya jikoni kwa uaminifu kabisa atapata hati safi hata kama amenunua sahani za maua mwezi ambao unga umeisha. Kwa hiyo ripoti ikitoka, ruka jalada. Utamu uko kwenye hoja za ukaguzi ndani.

Mwanza ana ndugu Ujerumani tangu 1966

Jiji la Mwanza na mji wa Würzburg ni miji rafiki tangu 1966, miaka mitano tu baada ya Uhuru wa Tanganyika. Kati yao kuna zaidi ya kilomita 6,000 kwa njia ya ndege. Ndoa chache hufika umri huo.

Hati ya miaka 33 iliyogeuka kuwa ya miaka 99

Kwa zaidi ya miaka arobaini ardhi ya mji wa Dodoma haikuwa mikononi mwa halmashauri. Ilisimamiwa na mamlaka maalumu ya ustawishaji makao makuu, CDA, iliyoundwa mwaka 1973 pale ilipoamuliwa kwamba makao makuu yahamie huko. Aliyepewa kiwanja alipewa kwa miaka 33. Aliyejenga akiwa na miaka 40, hati ingeisha akiwa na 73, wajukuu wakiwa bado wanacheza uani. CDA ilivunjwa Mei 2017, kazi zikakabidhiwa halmashauri, na milango ikafunguka kwa hati za miaka 99. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 26 Aprili 2018, Dodoma ikatangazwa kuwa jiji.

Cheti cha kuzaliwa kwa ujumbe wa simu

Mwaka 2013, kuanzia Mbeya, usajili wa watoto wa chini ya miaka mitano ulihamishiwa kwenye ofisi za kata na vituo vya afya. Cheti hutolewa bila malipo, kinaandikwa kwa mkono hapo hapo, na taarifa za mtoto hutumwa kwa simu ya mkononi. Mzazi aliyelazimika kupanda basi hadi wilayani sasa anavuka uwanja wa shule.

Jeshi lisilo na mshahara

Chini kabisa ya ngazi ya serikali za mitaa, Tanzania Bara ina vijiji zaidi ya 12,000, mitaa zaidi ya 4,000 na vitongoji zaidi ya 63,000, kila kimoja na mwenyekiti wake wa kuchaguliwa. Turudi Uwanja wa Mkapa: wenyeviti wa vitongoji peke yao wangeujaza, na wengine elfu tatu wangekosa viti. Watu hawa hawana mshahara. Lakini jaribu kufungua akaunti ya benki, kuomba kitambulisho cha taifa au kumdhamini ndugu yako mahakamani, uone utakavyoambiwa: "Leta barua ya serikali ya mtaa."

Basi unakwenda. Ofisi ni chumba kimoja, meza moja, benchi moja la mbao lililolainishwa na makalio ya miaka mingi. Mtendaji wa mtaa, anayefanya kazi na mwenyekiti, anaandika barua kwa mkono, mistari sita, jina lako kwa herufi kubwa. Anaweka sahihi. Anafungua droo, anatoa muhuri wa duara, anaugongagonga kwenye kidau cha wino ambacho wino wake ulishaanza kukauka tangu mwezi uliopita. Kisha anafanya kile ambacho nimewaona watendaji wakikifanya kila mji niliopita: anausogeza muhuri mdomoni, anaupulizia pumzi ya moto, *haaa*, na kuukandamiza kwa mkono wote juu ya karatasi.