Nundu ya Ngamia Si Kiriba cha Maji

Sisi wa Pwani ngamia si mgeni kwetu. Zamani alizungusha vinu vya mafuta ya simsim huku amefungwa macho. Siku hizi hubeba watalii ufukweni. Lakini ukiuliza barazani nundu yake ina nini, wengi watakwambia ni maji. Mimi nasema la, ni mafuta. Na aliyelichunguza jambo hili kwa makini alizaliwa katika nchi ya theluji.

Jina lake Knut Schmidt-Nielsen, mzaliwa wa Trondheim, Norway, mwaka 1915. Alisoma Copenhagen kwa bingwa August Krogh, akahamia Marekani mwaka 1946. Kazi yake ilikuwa kupima jinsi miili ya wanyama inavyotumia chakula, maji na joto penye dhiki. Alianza na panya wa jangwa la Arizona, ambao waweza kuishi bila kunywa; miili yao huyafanya maji kutokana na mbegu kavu wanazokula.

Mwaka 1953 alikwenda Béni Abbès, katika Sahara ya Algeria, pamoja na mkewe Bodil, naye mtaalamu. Wakanunua ngamia, wakawapima uzito na joto. Wakaona kwamba ngamia mwenye kiu hafanyi haraka kutoa jasho. Huuacha mwili upate joto mchana, kutoka nyuzi 34 alfajiri hadi zaidi ya 40, kisha usiku wa baridi hulitoa joto lile bila ya kupoteza maji. Manyoya nayo humkinga na jua. Aliyenyolewa hupoteza maji zaidi. Hustahimili kupungua robo ya uzito wake, na akifika kisimani hunywa zaidi ya lita 100 kwa dakika kama 10.

Bwana huyu alifariki mwaka 2007, lakini elimu yake yatuhusu. Katika ukame wa 2020 hadi 2023 ng'ombe walikufa kwa wingi kaskazini mwa nchi yetu, na baadhi ya wafugaji wakageukia ngamia.

Chuoni tulihifadhi Suratul Ghashiya, ambamo Mola atuita tuangalie ngamia alivyoumbwa. Schmidt-Nielsen aliangalia kwa mizani na kipimajoto, juani. Vijana wetu aya wanayo kifuani. Naomba wazee na walimu wawape na mizani.