Saladi ya mtama kwa miezi ya joto

Mwezi wa 9, mbele mvua ishike, jua la Kasaji ni kali na bukari ya moto haivutii mtu saa sita. Jaribuni mtama mweupe, mzima, bila kusaga. Mashini ikitoa maganda na kiini cha punje, ni kuku ndio wanakula vitamini B na nyuzinyuzi. Sisi tunabaki na wanga. Na bukari ya muhogo peke yake ina protini kidogo sana: mtoto anashiba, lakini hakui vizuri.

Loweka kopo moja la mtama usiku kucha, utapunguza makala. Mwaga yale maji, chemsha kwa makopo matatu ya maji mapya mpaka punje zilainike, karibu saa moja. Chuja, acha ipoe. Changanya na kunde zilizoiva, tomati, kitunguu, karanga za kukaanga, ndimu na munyu. Kunde zinaleta ile protini mtama unakosa.

Bamama, muangalie maji! Tomati iliyooshwa na maji ya mto yasiyochemshwa inaleta kuhara, na ndimu haiui kila kijidudu. Muile siku ileile, isilale. Mtama ukikosekana, mahindi mazima yanafaa, ila yanakula makala zaidi.