Fahamu: Roboti na hatari ya nyuklia

Ni nini?

Ni mashine zinazoongozwa kwa mbali, ili zishike vitu vyenye mionzi mikali badala ya mikono ya watu. Novemba 2024, katika kituo cha nyuklia cha Fukushima, Japani, moja ilitoa kipande cha kwanza cha fueli ya nyuklia iliyoyeyuka katika ajali ya mwaka 2011, chini ya gramu moja; inakadiriwa fueli hiyo yote ni tani 880.

Je, kusini mwa Tanzania zinahitajika?

Watu wa Nachingwea na Ruangwa wanaosikia habari za urani ya Mto Mkuju, Namtumbo, wana haki ya kuuliza. Naona bado. Urani ghafi ina mionzi hafifu. Hatari kubwa ni vumbi na gesi ya radoni vinavyoingia mapafuni. Kweli, roboti ingemwondoa mtu hatarini kabisa, lakini kumwagia vumbi maji, hewa safi na vipimo vya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania vitamlinda mchimbaji mapema zaidi.