Lita Moja ya Mvuke, Gramu 390 za Makala

Sufuria ya maharage ikitokota bila kifuniko, kila lita ya maji inayopotea kama mvuke inaondoka na gramu zipatazo 390 za makala. Hesabu yenyewe ni fupi. Kuigeuza lita moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke kunahitaji kilojuli 2,260. Kilo moja ya makala ina kilojuli zipatazo 29,000, lakini mbabula ya bati tupu hufikisha sufuriani karibu asilimia 20 tu, yaani 5,800. Gawanya 2,260 kwa 5,800, unapata 0.39.

Kuyafikisha maji hayo mahali pa kuchemka ni kazi ndogo zaidi. Hapa Sange, kwenye bonde la Ruzizi, juu kidogo ya usawa wa Ziwa Tanganyika ulio mita 770 na zaidi, maji huchemka yakifika digrii 97 hivi. Kuyatoa digrii 25 hadi hapo ni kilojuli 300 kwa lita. Mvuke basi unakula moto mara saba na zaidi kuliko kuchemsha kwenyewe. Na maji yakishachemka, hata ukipepea makala mpaka yawe mekundu, joto la maji halipandi tena. Kinachoongezeka ni mvuke.

Ninaanzia hapa kwa sababu mtu akiuliza anunue nini ili jiko lake lisiharibu mazingira, mazungumzo huenda haraka kwenye mifuko na vyombo vya plastiki. Nitafika huko. Ila uzito mkubwa wa jiko la bonde la Ruzizi uko kwenye moto.

Tuirudie ile kilo ya makala, safari hii tukianzia msituni. Tanuru la udongo la kienyeji hutoa kilo 10 hadi 15 za makala kwa kila kilo 100 za kuni kavu. Tuseme kilo 8 za kuni kwa kilo 1 ya makala. Kilo hizo 8 za kuni zilikuwa na megajuli karibu 128, na makala yaliyotoka yana 29. Zaidi ya robo tatu ya nishati imeteketea tanuruni kabla gunia halijafika kando ya barabara ya Uvira na Bukavu. Kisha mbabula inapoteza nne ya tano ya kilichobaki. Kutoka kilo 8 za kuni, chakula kimepata megajuli 5.8.

Mafiga matatu, kwa kuni zile zile na ufanisi wa asilimia 15, yangeipa sufuria megajuli 19. Ni mara tatu na zaidi. Nilipoifanya hesabu hii mara ya kwanza niliirudia, kwa kuwa tumezoea kuyaona makala kuwa hatua ya mbele. Kwa mapafu ya mama na watoto ni hatua kweli, moshi unapungua sana (ingawa makala hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na mlango lazima uwe wazi). Kwa miti ni hatua ya nyuma.

Sasa nyumba inayomaliza kilo 2 za makala kwa siku. Kwa mwaka ni kilo 730, na nyuma yake kuna kuni kilo 5,840, karibu tani 6. Hiyo ndiyo namba ya kupunguza, na dawa za kwanza hazina bei kubwa.

Kifuniko ni cha kwanza. Kuzuia lita moja tu ya mvuke kwa siku kunaokoa makala kilo 142 kwa mwaka, yaani kuni zaidi ya tani moja. Sioni bidhaa yoyote ya dukani inayoweza kushindana na hilo. Cha pili ni kuloweka maharage usiku kucha na kumwaga yale maji.

Cha tatu ni kikapu cha joto, na bonde letu lina bahati nacho, kwa sababu tunalima mpunga. Katika kilo 100 za mpunga, karibu 20 ni maganda, na maganda hayo hushika joto vizuri. Jaza maganda makavu kwenye kitunga kikubwa, acha shimo la sufuria, tandika nguo, tengeneza mto wa kufunika juu. Maharage yaliyolowekwa yachemke kwa nguvu nusu saa kamili. Usipunguze, maana maharage mekundu yasiyochemka vya kutosha yana sumu inayotapisha. Kisha yafunike kikapuni, sufuria ikiwa imejaa vizuri, kwa saa nne au tano. Yachemshe tena kabla ya kula. Moto wa saa mbili unakuwa wa chini ya saa moja.

Baada ya hapo ndipo mbabula yenye udongo ndani inastahili fedha. Muundo wake maarufu ulienea Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, ukichukuliwa kutoka jiko la ndoo la Thailand: bati nje, udongo uliochomwa ndani. Huokoa makala asilimia 30 hadi 50 ikiwa udongo haujapasuka. Hesabu kwa 30, usijidanganye. Tuseme unatumia faranga 3,000 za makala kwa siku, unaokoa 900. Mbabula ya faranga 27,000 itajilipa kwa siku 30. Weka bei zako badala ya hizi. Ikija kupasuka siku ya 20, umepata hasara, kwa hiyo igonge kwa kidole kabla ya kulipa na usikilize kama udongo una ufa.

Mifuko sasa. Mitatu myembamba kwa siku, gramu 5 kila mmoja, ni kilo 5 na nusu kwa mwaka. Mbele ya tani 6 za kuni inaonekana si kitu, lakini mti huota tena na plastiki haiozi. Kongo iliipiga marufuku kwa amri ya tarehe 30 Desemba 2017, na bado inateremka na mto Ruzizi. Bukavu hukwama kwenye bwawa la Ruzizi I na kuziba mitambo ya umeme. Inayopita inashuka bondeni kwetu hadi ziwani, kwenye maji ya ndagala.

Mfuko mpya wa pamba si jibu jepesi. Idara ya mazingira ya Denmark ilikadiria mwaka 2018 kwamba lazima utumike angalau mara 52 ndipo uushinde ule wa plastiki kwa upande wa tabianchi peke yake. Kitunga ulicho nacho tayari nyumbani hakidai hesabu hiyo.

Na kile kipande cha mfuko kinachotumika kuwashia mbabula, moshi wake ndio mbaya kuliko wote jikoni. Gunzi kavu la muhindi linawasha makala yale yale.