Si Kila Kidonda Kisichopona ni Kidonda Ndugu

Katika vijiji vya wavuvi kandokando ya Ziwa Mweru, wilayani Nchelenge nchini Zambia, ngozi hupatwa na mengi: mwiba wa samaki, kamba ya wavu, jua la mchana kutwa. Kwa hiyo kinundu kikitokea kwenye unyayo au muundi hakimshtui mtu. Huitwa sugu, chunjua au kidonda ndugu, kikafungwa kitambaa, na kazi ikaendelea.

Mara nyingi ndivyo kilivyo. Lakini kwa nadra sana kinundu cha namna hiyo huwa ni saratani iliyoanzia katika tezi za jasho. Mwili wa mtu mzima una tezi hizo kati ya milioni 2 na 4, nazo zimesongamana hasa viganjani na nyayoni. Saratani mojawapo, iitwayo porokasinoma, ilielezwa na wataalamu mwaka 1963. Huwapata zaidi wazee, na hutokea sana miguuni na kichwani.

Ugumu wake ni kwamba haina sura yake yenyewe. Hata daktari mzoefu hawezi kuithibitisha kwa macho. Hana budi kutia ganzi, kukata kipande kidogo cha nyama, kukihifadhi katika fomalini na kukipeleka maabara, kitazamwe kwa hadubini. Huko mpimaji huhakikisha pia kwamba si saratani iliyotoka kwingine, kama vile titini, ikajitokeza ngozini. Kwani zaweza kufanana, ilhali matibabu yake ni mbalimbali.

Wilayani humo ipo Hospitali ya Misheni ya Mtakatifu Paulo, Kashikishi. Hospitali maalumu ya saratani, iliyofunguliwa mwaka 2007, iko Lusaka, mamia ya kilomita kutoka ziwani. Ndiyo maana siku zinazopotea nyumbani ni ghali. Ugonjwa ukiwahiwa, uvimbe hukatwa wote pamoja na ukingo wa ngozi nzima, na aghalabu mgonjwa hubaki na mguu wake. Ukicheleweshwa, waweza kuingia katika mitoki ya kinena, kisha mapafuni.

Basi kinundu kinachokua, kinachotoka damu kwa kuguswa kidogo, au kidonda kisichofunga kwa mwezi mzima, kipelekwe hospitali. Kisikatwe kwa wembe wala kuchomwa kwa dawa kali. Na kipande kikishachukuliwa, jamaa za mgonjwa warudi kuulizia jibu. Maana kipimo ambacho jibu lake halikufuatwa hakimponyi mtu.